Mama Mkwe wa Sura ya Nane

Kila mfasiri ana neno lake la kuchomeka. Ukiwa unatafsiri kitabu kizima huwezi kusimama kila unapokutana na neno gumu, utasimama hadi uote mvi. Kwa hiyo pale neno linapokosekana unachomeka neno lolote la ajabu, unaendelea na safari yako, na siku ile neno lenyewe likipatikana unaiambia kompyuta: kila palipo na lile, weka hili. Sharti ni moja tu, neno la kuchomeka liwe la ajabu kiasi kwamba jicho haliwezi kulipita. Katika ofisi hii ya meza nne, ambako Kiingereza na Kiarabu vilikuwa vikigombana kutwa kucha, bwana mmoja wa makamo alizoea kuchomeka ngamia. Ukisoma rasimu yake ya kitabu cha umeme unaambiwa kabla ya kugusa ngamia uhakikishe mikono yako ni mikavu. Ndiyo maana wote walimwita Ngamia, naye aliitika bila kinyongo.

Mfasiri wetu, mama wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, asiyeweza kukaa bila kalamu nyuma ya sikio, yeye alianza na boga. Boga lilimfaa mpaka siku alipopewa kitabu cha kilimo cha mboga. Wee! Maboga ya kweli yakachanganyika na maboga ya kuchomeka, na ikabidi ayapekue moja moja kama mtu anayechagua sokoni. Alipomaliza akaapa kutafuta neno ambalo halitatokea kamwe katika kitabu cha shule, kiwe cha hesabu, kiwe cha sayansi, kiwe cha nini. Na siku hiyo, kwa bahati yake, alikuwa ametoka kugombezwa kwenye simu na mama wa mumewe, tena kwa jambo dogo tu la pazia. Akachomeka mama mkwe. Kwa Kiarabu safi, kwa herufi zilizonyooka.

"Huyo," alimwambia Ngamia, "hata nikitaka kumsahau siwezi."

Wakacheka mpaka machozi. Ulimi hauna mfupa, na vidole vya mfasiri navyo, ukivitazama vizuri, havina akili.

Basi mwaka huu akapewa kitabu cha sarufi ya Kiingereza akitie katika Kiarabu, kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma Kiingereza kama lugha ya kigeni. Alikwenda nacho vizuri, sura ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka akafika sura ya nane, na hapo akakwama. Sura ya nane ilihusu kosa moja ambalo Waingereza wamelipa jina lao: fungu la maneno linaloning'inia mwanzoni mwa sentensi bila mwenyewe. Mtu anaandika, "Akiwa amelala fofofo, panya alimtafuna mwalimu kidole." Sasa nani amelala? Ukifuata mpangilio wa maneno, aliyelala ni panya. Kosa lenyewe linajulikana dunia nzima, ila jina lake kwa Kiarabu kila kitabu kilikuwa na lake, na kamati ya istilahi iliposhika suala hilo ilikuwa vurugu tupu. Mmoja alitaka neno la kuning'inia, mwingine neno la kupotea, wa tatu akasema lichukuliwe la Kiingereza kama lilivyo, wakamkodolea macho hadi akaomba maji. Wakakubaliana kukutana tena Alhamisi. Na huku nyuma, katika sura nzima ya nane, mahali pa lile jina alisimama mama mkwe.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne.

Mfasiri alikuwa maktaba tangu asubuhi, akafika ofisini saa saba mchana na kumkuta mhariri mkuu amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Mhariri alikuwa mtu mnene mwenye roho nzuri na haraka mbaya.

"Nimekuokolea muda," alisema. "Sahifa za sarufi zimeshakwenda kwa msomaji wa nje. Zote. Tangu saa mbili asubuhi."

"Zipi?" mfasiri aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Zako. Wateja walikuwa wananipigia simu kila saa, nikaona zile ulizoweka kwenye kompyuta zinatosha. Nimepitia sura ya kwanza. Safi kama pamba!"

"Na ya nane je?"

"Ya kwanza ikiwa safi, ya nane itachafuka kwa nini?"

Mfasiri alikaa. Hakuvuta kiti, kwa bahati kilikuwepo. Kwenye meza ya pili Ngamia aliinua kichwa, akamtazama, akaelewa bila kuambiwa, na kinywa chake kikabaki wazi.

Ni lazima ujue kanuni ya ofisi ile. Kila kitabu kilipelekwa kwa msomaji wa nje, mtu anayekijua Kiarabu kama anavyoijua njia ya chooni kwake, apige kalamu makosa. Mfasiri haambiwi msomaji ni nani, na msomaji haambiwi mfasiri ni nani, ili pasiwe na kupendeleana wala kulipiziana kisasi. Mhariri aliishika kanuni hiyo kama dini.

"Bosi," mfasiri alisema, "naomba unirudishie zile sahifa. Kuna neno la kuchomeka humo ndani."

"Msomaji ataliona atalipiga kalamu. Ndiyo kazi yake."

"Neno lenyewe ni mama mkwe."

Mhariri alianza kucheka. Kisha kicheko kikafa njiani, kidogo kidogo, kama taa za nyumba zinapozimwa moja moja. Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akatazama tena dari.

"Bosi. Msomaji ni nani?"

"Kanuni ni kanuni," alisema mhariri kwa sauti ya mtu anayezama.

"Ni nani?"

"Siwezi kumtaja. Ila..." Alipangusa jasho. "Alinifundisha Kiarabu nikiwa darasa la tano, akanichapa kwa ajili ya wingi wa neno kitabu. Mwezi uliopita alikuja hapa na mkongojo wake, ninyi mkiwa mmetoka kula. Akasema amechoka kukaa bure, nimpe kazi, na nisimwambie mtu wa nyumbani kwake. Mimi nitamkataliaje mwalimu wangu?" Akateremsha sauti. "Bahasha nimempelekea mwenyewe. Mumeo alikuwa ndiyo anatoka kwenda kazini."

Mfasiri hakuhitaji jina tena, maana mama wa mumewe alikuwa akiishi nao.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, nisikuache ukihangaika. Mama mkwe huyu alikuwa mwalimu wa Kiarabu, amestaafu, mjane, mrefu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Aliishi peke yake katika nyumba yake ya ghorofa moja, yenye ngazi za mbao zilizosimama wima kama ukuta. Watu waliona kichekesho: mwanawe ni fundi wa lifti, anapandisha watu wasiomhusu ghorofa ya kumi, na mama yake anapanda kwa goti. Mpaka siku alipoteleza. Alilala chini ya zile ngazi mchana wote na usiku wote, nyonga imevunjika, mpaka jirani alipokuja asubuhi kuazima pasi. Alipotoka hospitali mwanawe akamleta kwake. Siku ya kwanza, kabla hata ya kuketi, alisema: "Nimekuja kupona, sikuja kuhamia."

Mwanzoni ilikuwa adabu juu ya adabu, kila mtu akimpisha mwenzake mlangoni mpaka wote wanachelewa. Halafu jioni moja mfasiri alikuwa anasoma rasimu yake kwa sauti, na kutoka kwenye kiti cha dirishani ikasikika sauti kavu: "Hiyo fataha umeitoa wapi?" Wakagombana kwa ajili ya ile fataha, kialama kidogo tu cha irabu a, hadi chakula kikapoa. Tangu hapo kila jioni ikawa hivyo. Mfasiri alifiwa na mama yake akiwa bado anasoma shule ya msingi, na toka siku ile hakuwahi kupata mtu wa kumgombeza kwa kutoka nje na nywele mbichi. Alimzoea mama mkwe, akampenda, akafika mahali akiwa ofisini anaweka akiba ya maneno ya kwenda kumchokoza nayo jioni. Lakini alimwambia? Hakumwambia. Aliona ni jambo linalojulikana.

Sasa kinyozi mmoja alikuwa ameposa, anatafuta nyumba ya kupanga, na ile ya ngazi alikuwa ameipenda. Alikuwa aje Jumanne hiyo hiyo, saa nane mchana, kuchukua jibu. Mama akisema ndiyo, nyumba inakwenda kwa kinyozi na yeye anabaki kwa mwanawe. Akisema hapana, Jumamosi anarudi kwenye zile ngazi, peke yake. Fundi wa lifti alikuwa amemsihi, daktari alikuwa amemsihi. Yeye alikuwa amejibu, "Nitasema siku ikifika." Na siku ndiyo hii, na mapajani mwake ana sahifa za sura ya nane, alizoandika mke wa mwanawe.

"Ngamia," mfasiri alisema, "gari lako linatembea?"

"Likibembelezwa."

Gari la Ngamia lilikuwa la rangi iliyosahau jina lake, na vioo vyake vilishuka mwaka fulani visipande tena. Saa saba na nusu walikuwa katikati ya foleni, vumbi linaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, mfasiri ameshika tama.

"Mwambie ukweli," alisema Ngamia.

"Ukweli gani? Kwamba miaka yote hii yeye ndiye boga langu?"

"Kwamba si yeye. Ni neno tu, limeshika nafasi."

"Ngamia, wewe una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Ungemwambia hivyo?"

Ngamia alifikiri mpaka taa zikawaka kijani, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. "Ningehama nchi," akasema, akatia gia.

Njia nzima mfasiri alikuwa akijikumbusha yaliyomo katika ile sura, na kila alichokumbuka kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Kulikuwa na zoezi. Mungu wangu, kulikuwa na zoezi! "Mtafute mama mkwe katika sentensi zifuatazo, kisha umfute." Alijipiga kofi la paji la uso. Aliona waziwazi yule mama akisoma, akivua miwani, akiikunja sahifa kwa utulivu, maana hakuwa mtu wa kelele, na kumwambia kinyozi hapana. Halafu ngazi. Halafu siku moja jirani hana haja ya pasi. Hapo machozi yakamtoka, na vumbi likamganda usoni.

Ngamia alipomshusha, jambo la kwanza aliloona mlangoni ni viatu vya wanaume, vipya, vimepigwa rangi hadi vinatoa mwanga. Kinyozi amewahi. Na kutoka sebuleni ikasikika sauti ya mama mkwe, tulivu, ya kumalizia jambo:

"...ndiyo hivyo, baba. Usinielewe vibaya. Si kwamba sikukupenda."

Mfasiri aliingia bila hodi. Kinyozi, kijana nadhifu mwenye nywele zilizochongwa kwa mstari, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi na uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani. Mezani kulikuwa na funguo za nyumba ya ngazi. Na mapajani mwa mama mkwe kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki.

Nani angetazama zaidi ya hapo? Alipoiona bahasha tu, maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

"Mama, si wewe! Yule wa sura ya nane si wewe, naapa. Ni neno la kuchomeka, nililianza zamani, kabla hujaja, wakati ule tuna ugomvi wa pazia, nikaacha hivyo hivyo kwa uzembe. Hakuna anayetaka kukufuta! Mama, usiende. Usirudi kwenye zile ngazi. Hapana, ngazi achana nazo, hata ungekuwa na lifti ya dhahabu kule, usiende. Kaa hapa. Si kwa sababu daktari amesema, si kwa sababu mwanao amesema. Mimi ndiye ninayetaka. Ukiondoka mimi jioni nitagombana na nani?"

Akaishiwa pumzi. Kinyozi alikuwa anazisoma soksi zake kwa makini.

Mama mkwe alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani kwenye uzi wake.

"Sura ya nane ya nini?" aliuliza.

Mfasiri aliitazama tena bahasha. Ilikuwa imefungwa. Gundi haijaguswa, muhuri wa ofisi uko pale pale, haujachanwa hata kidogo.

"Hujafungua?"

"Nitafunguaje nina mgeni? Nilipanga kuanza akiondoka." Alimtazama mke wa mwanawe kuanzia vumbi la usoni mpaka viatu vilivyovaliwa bila kufungwa kamba. "Kaa chini kabla hujaanguka. Nyonga moja mbovu inatosha kwa nyumba hii."

Mfasiri alikaa sakafuni, hapo hapo aliposimama.

"Lakini nilikusikia," alisema. "Umemwambia hapana."

"Nimemwambia hapana. Nimeamua tangu jana."

"Kwa nini, Mama? Tumekukosea nini?"

Mama mkwe alikuwa mwalimu, alizoea kupanga jibu kabla ya kulitoa, lakini safari hii lilionekana kumpa taabu.

"Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka," alisema. "Na mimi hakuna aliyenifukuza, nasema kweli mbele ya kijana huyu. Lakini pia hakuna aliyeniambia kaa. Mwanangu ananiambia ngazi. Daktari ananiambia nyonga. Wewe unaniambia, 'Mama, chai.' Mtu hahamii mahali kwa ajili ya ubaya wa ngazi za mahali pengine. Na halafu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi liko wapi? Nikigusa sufuria mnaninyang'anya. Nikishika ufagio mnapiga kelele utadhani nimeshika nyoka. Mmeniheshimu, mmeniheshimu, mpaka nimekuwa kabati."

Kinyozi alipata kikohozi cha ghafla, akakielekeza dirishani.

"Tulidhani ndiyo kukutunza," mfasiri alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ndiyo maana sikulalamika. Nilikwenda kujitafutia jembe kwa yule mhariri wenu, yule mtoto asiyejua wingi wa kitabu, nikasema nikirudi kwangu nitakuwa na cha kufanya." Aliipigapiga bahasha. "Sasa unaingia hapa kama mwizi anayekimbizwa, unaniambia unataka nikae. Ungesema jana, ningelala."

"Nimesema leo. Leo haifai?"

Kidevu cha mama mkwe kilitikisika kidogo, akakikamata kwa mkono. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuonekana hivyo mbele ya mgeni, akachana bahasha.

"Mama, usifungue! Nitakuletea nyingine, iliyosafishwa."

"Ni kazi yangu, nimepewa na ofisi. Sura ya nane, ulisema?"

Alivaa miwani, akachomoa penseli kutoka kwenye nywele, akapekua hadi akafika. Akaanza kusoma. Mfasiri alifunika macho, akaacha nafasi kati ya vidole viwili. Aliona bega la mama mkwe likiruka mara moja. Likaruka tena.

"Kijana," mama mkwe alimwambia kinyozi, "wewe Kiarabu hujui, nikutafsirie. Hiki ni kitabu cha shule, kitasomwa na maelfu. Kinasema hivi: 'Mama mkwe ni kosa linalowapata hata waandishi wazoefu.'"

"Aisee," alisema kinyozi.

"'Mara nyingi mwandishi hamwoni mama mkwe mpaka aonyeshwe na mtu mwingine.'" Sauti ilianza kumtetemeka. "'Mama mkwe akikaa mwanzoni, msomaji huchanganyikiwa, asijue ni wa nani.'"

Hapo akashindwa. Alicheka kicheko ambacho mfasiri hakuwahi kukisikia katika nyumba ile, kicheko cha mdomo wazi, cha kupiga mkono wa kiti, miwani ikamtoka, machozi yakamtiririka, akawa anaelekeza penseli kwenye sahifa na kushindwa kusema. Kinyozi aliangua naye. Mfasiri, pale sakafuni, alianza kulia na kucheka kwa pamoja, asijue kipi kimetangulia.

"Na kuna kosa," mama mkwe alisema alipopata pumzi. Akapiga mstari. "Mama mkwe ni wa kike. Vitenzi vyote hapa umeviandika kwa kiume. Ukimtukana mtu, mwanangu, mtukane kwa sarufi."

"Samahani, Mama."

"Hapa pia. Na hapa. Lahaula, sura nzima nimeota ndevu!" Aliendelea kusahihisha, penseli inakwenda haraka, bado anajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Halafu penseli ikasimama. Alisoma sentensi moja mara mbili, na kicheko kikamwisha.

"'Dawa yake ni moja kati ya mbili,'" alisoma polepole. "'Ama kumwondoa kabisa, ama kumsogeza karibu na yule anayemhusu.'"

Mfasiri alitaka kueleza kwamba ile ni kanuni ya sentensi, imo hata katika kitabu cha Kiingereza, akaona ni bora anyamaze. Mama mkwe alizichukua funguo mezani, akazipima mkononi. Zilikuwa funguo nzito, za zamani. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, chumba kwa chumba, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumharakisha.

Kinyozi alivumilia alivyoweza. "Sasa mwalimu," alisema hatimaye, kwa adabu, "samahani sana, mimi nishike lipi? Mchumba wangu ananisubiri nimpigie simu."

"Shika hizi." Akamtupia funguo, na kijana akazidaka kwa mikono miwili. "Ngazi zitengenezwe kabla mkeo hajaingia. Uwekwe mkono wa kushikia, wa chuma, pande zote mbili. Nitamtuma mwanangu aje akague, na akikuta mbao nakunyang'anya nyumba."

Kinyozi alishukuru hadi nje ya mlango, wakamsikia uani akipiga kelele kwenye simu, akimwambia mtu kwamba wamepata, wamepata! Mfasiri aliegemeza kichwa kwenye mkono wa kile kiti cha dirishani. Mama mkwe akamwekea mkono kichwani, akaondoa kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio, kisha akarudisha mkono.

"Siku nikikuchosha uniambie kwa mdomo," alisema. "Usisubiri kuandika kitabu."

"Nitakwambia."

"Na hili kosa lenyewe, mmekosa kabisa jina lake?"

"Kamati inakaa Alhamisi. Tumegawanyika pande tatu."

"Kamati!" Mama mkwe aliguna. "Kiarabu kina hali, yaani fungu la kueleza mtu alikuwaje alipotenda, na kila hali ina sahibu wake, mtu mwenye hiyo hali. Mmefundishwa mkiwa watoto. Hii ya Waingereza imepotelewa na sahibu. Basi iiteni hali isiyo na sahibu, mtoto yeyote ataelewa. Kuna haja gani ya kuning'iniza watu?"

Mfasiri aliinua kichwa. Alilizungusha neno lile mdomoni, akalijaribu kwa Kiarabu, akalitia kimoyomoyo katika sentensi ya panya, likakaa. "Watabisha," alisema.

"Wabishe. Waambie msomaji wa nje amesema, na kanuni inakataza kumtaja." Alishika mkongojo, akajisukuma mpaka akasimama. Mfasiri aliruka naye.

"Unakwenda wapi, Mama? Kaa, nikuletee."

"Nakwenda kupika chai."

Mfasiri alikuwa ameshafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno: nyonga, jiko, maji ya moto. Akayameza, yakashuka kwa taabu kama kidonge kisicho na maji, akarudi kukaa.

Alimsikia akienda, mguu na mkongojo, mguu na mkongojo, hadi jikoni. Mfuniko ukaanguka, ukazunguka sakafuni, ukatulia. Mfasiri aliushika mkono wa kiti kwa nguvu, asiinuke. Bomba likafunguliwa, likafungwa. Kiberiti kikagoma mara moja, kikakubali.

"Hivi," mama mkwe aliuliza kwa sauti kutoka kule, sauti ya mwalimu inayofika darasa la nyuma, "hapa kwetu sukari tunaweka wapi?"

"Rafu ya chini, Mama," mfasiri alijibu, bado ameushikilia mkono wa kiti. "Karibu na dirisha."